Mwacheni Alisi achekeshe

Kuna watu hukunja uso wakisikia kisa cha Alisi, yule msichana wa kitabu cha Kiingereza aliyejikuta katika Nchi ya Ajabu, kinasimuliwa upya kwa mzaha na kuongezewa vichekesho vya kwetu. Wanasema kitabu cha zamani kiachwe kama kilivyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Kisa hiki kilianza kwa mzaha, tena wa watu waliokuwa wakijuana.

Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford tunayemjua kwa jina la Lewis Carroll, alipanda mashua na rafiki yake Robinson Duckworth pamoja na mabinti watatu wa Liddell: Lorina, Alice na Edith. Wakapiga makasia kuelekea Godstow, naye akawa anatunga papo hapo. Kitabu kilipotoka mwaka 1865, abiria wote walikuwamo: ndege Dodo ni Dodgson mwenyewe, bata ni Duckworth, na tai mdogo ni Edith. Sasa mzaha wa namna hiyo utauhamishaje neno kwa neno hadi Tanga au Mombasa na bado uchekeshe?

Chukua lile shairi la mamba. Watoto wa Uingereza walikaririshwa shairi la Isaac Watts la mwaka 1715 linalomsifu nyuki kwa bidii yake. Carroll akamwondoa nyuki, akamweka mamba anayetabasamu huku akikaribisha samaki kinywani. Mtoto wa kwetu hajawahi kukaririshwa yule nyuki, kwa hiyo mamba peke yake hamchekeshi. Lakini wengi wetu tulikariri shairi la baba aliyerudi mgonjwa kutoka safari ya mbali, akawaambia wanawe mali iko shambani. Mwache Alisi ajaribu kulighani, ulimi umteleze, baba awaambie wanawe mali iko chini ya blanketi, walale waitafute. Darasa zima litaangua kicheko, na hapo ndipo utakuwa umemtendea Carroll haki.

Kesi ya mwishoni mwa kitabu, kwa upande wake, haihitaji kuguswa sana. Jeki wa kopa anashtakiwa kwa kuiba vitumbua vya Malkia (kwa Carroll ni vikeki vya jamu, lakini vitumbua vinaibika vizuri zaidi). Wazee wa baraza wanaandika majina yao wenyewe vibaoni, wasije wakayasahau kabla kesi haijaisha. Mfalme anataka hukumu kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Alisi anapozidi kurefuka, Mfalme anasoma sheria namba 42: mwenye kimo cha zaidi ya maili moja atoke nje ya mahakama. Anadai ndiyo sheria ya zamani kuliko zote. "Basi ingekuwa namba moja," anajibu Alisi. Mfalme anafunga daftari haraka, uso umempauka. Mtoto yeyote aliyewahi kuonewa na mkubwa anayejitungia sheria palepale ataielewa sehemu hii bila maelezo.

Kinachoniudhi ni wasimulizi wanaokata vichekesho hivi ili wapate nafasi ya kuuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Carroll alishawajibu kupitia yule mke wa mtawala anayemng'ang'ania Alisi, kidevu kikali kikimchoma begani, akidai kila jambo lina funzo lake, hata haradali.

Kwa Kiswahili msingi tunao. *Elisi katika Nchi ya Ajabu* ilichapishwa London mwaka 1940, na picha zake zikamchora Elisi kama msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 ikaja *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tafsiri ina kazi yake, na simulizi la mdomo lina yake. Kwa hiyo anayesimulia leo asome tafsiri kwanza, kisha afunge kitabu, awatazame watoto walioko mbele yake, na amtie kila mmoja wao ndani ya kisa: huyu awe bata, yule awe mjusi wa barazani anayeandika kwa kidole kibao kisichoshika alama.