Simu Iliyonipeleka Chooni Mbele ya Mkurugenzi

Kwa kuwa mwenzangu wa meza ya jirani amekwisha kuwatangazia watu wa nusu ya jengo kwamba nilitoka mkutanoni mbio huku nimeshikilia suruali, naona ni haki yangu nami nisikilizwe. Sikukimbia. Nilitembea, tena nilirudisha kiti mahali pake.

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba nina usonji, na kwamba mwili wangu hauniletei taarifa kwa wakati. Njaa naitambua mikono ikianza kutetemeka, kiu naitambua kichwa kikiuma, na haja ndogo hubisha hodi ikiwa imeshaingia ndani. (DSM-5, kile kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha mwaka 2013, kiliingiza hisi zilizozidi au kupungua kuliko kawaida miongoni mwa vigezo vya usonji, lakini hakikutoa mwongozo wowote kuhusu mikutano ya asubuhi.) Daktari aliyenitibu maambukizi ya njia ya mkojo ndiye aliyenishauri niende chooni kwa saa badala ya kungoja kuhisi. Basi nikapanga vikumbusho katika simu, vinavyosomwa kwa sauti ya mwanamke mtulivu, kwa sababu nikizama kazini maandishi ya kwenye kioo siyaoni kabisa. Sauti hiyo huishia kwenye hedifoni zangu, ambazo idara imeniruhusu kuzivaa ili kunipunguzia kelele.

Jana hedifoni ziliishiwa chaji katikati ya taarifa yangu. Simu ikatafuta kifaa kingine inachokifahamu, ikaangukia spika ya chumba cha mikutano, ambayo nilikuwa nimeiunganisha mwenyewe nilipokuwa nikijaribu slaidi. Asubuhi nzima nilikuwa nikiviahirisha vikumbusho ili nikamilishe kazi, kwa hiyo vilikuwa vimepanga foleni.

“Kunywa maji,” spika ikasema kwa upole.

Mhasibu akanywa. Nadhani alidhani ni utaratibu mpya wa afya kazini.

“Legeza mabega.”

Niliona mabega ya watu wawili yakishuka. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya jedwali la matumizi ya robo mwaka, kidole kikiwa bado kwenye safu ya tatu, nikitafuta kitufe cha kuzima kwenye simu iliyokuwa ndani ya begi, lililokuwa chini ya meza, upande wa pili wa miguu ya mkurugenzi.

“Mtazame mkurugenzi katikati ya nyusi, hesabu moja hadi tatu, kisha angalia pembeni.”

Hapo ndipo kila mmoja alipomtazama mkurugenzi katikati ya nyusi. Naye, maskini, akajipangusa. Nikajikuta nami nahesabu, kwa mazoea, na nilipofika tatu nikaangalia pembeni, nikakutana na mwenzangu wa meza ya jirani, ambaye alikuwa ameng’ata kalamu na machozi yanamtoka. Spika ikakohoa ule mlio wake mdogo wa kabla ya tangazo. Niliutambua. Nilijua kinachofuata neno kwa neno, kwa sababu nilikiandika mwenyewe, siku niliyokuwa nimejikasirikia.

“Nenda haja ndogo sasa hivi. Usibishane na kibofu.”

Kimya. Mkurugenzi akauliza, kwa heshima zote, “Agizo hilo linatuhusu sote?”

Wenzangu wenye usonji mnielewe: swali likiulizwa, mimi hulijibu. Nikasema, “Hapana, mheshimiwa, ni langu peke yangu. Lenu halijapangwa.” Kisha, kwa kuwa saa ilikuwa imefika na ratiba ni ratiba, nikaweka kalamu chini, nikarudisha kiti, nikaenda. Naomba ieleweke pia kwamba haja ilikuwepo kweli.

Niliporudi mkutano ulikuwa umeendelea, bajeti ilipita, mkurugenzi hakusema neno, na mhasibu ameniomba nimwekee kile cha maji. Nimemwekea.

Kile cha haja ndogo nimekibadilisha maneno, ili hata kikisikika kisinivunjie heshima: sasa kinasema, “Peleka ripoti ghorofani.” Leo asubuhi kimelia kwa sauti tena, nami nikainuka kwa utulivu wa mtu mwenye shughuli zake, hadi mwenzangu wa meza ya jirani aliponiuliza, mbele ya watu wote, ninaipeleka ghorofa ipi, maana jengo letu halina ghorofa.