Kijani kile si cha Yue

Makala nzuri kuhusu vyombo vya kale vya China, ila mwandishi kachanganya mambo: chetezo cha kijani kakiita cha Yue. Chetezo kile cha kijani, chenye kifuniko cha umbo la mlima, ni cha enzi ya Han, nasaba ya kale ya China: chombo cha udongo chenye mpako wa kung'aa wenye madini ya risasi, na shaba ndiyo iliyoleta ukijani. Vyombo vya Yue, vya udongo pia, kutoka jimbo la Zhejiang, hupata rangi kutokana na chuma, tena kwa moto mkali zaidi. Vile vya risasi vilitengenezwa hasa vya kuzikwa na maiti, si vya kulia chakula (heri yao, risasi ni sumu). Mimi kinachonivutia ni moshi: hupenya matundu ya kifuniko, ukadhani ukungu unapanda mlimani. Kitazame kile cha Liu Sheng, mwana wa mfalme wa enzi hiyo ya Han, cha shaba nyeusi na nakshi za dhahabu, kilichofukuliwa Mancheng, China, mwaka 1968.