Kaimu Asiye na Kalamu

Mwezi uliopita zamu zangu nne za usiku hazikuonekana kwenye karatasi ya mshahara. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Berlin, na posho ya usiku ndiyo inayonilipia nauli. Nikaenda kwenye ubao ulio karibu na jiko, ulikobandikwa mchoro wa muundo wa kampuni, ule wa visanduku na mistari ambao Wajerumani wanauita Organigramm. Nikafuata kwa kidole mstari wa mishahara mpaka kwenye jina la mama mmoja. Chini ya jina lake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina la anayemshikia nafasi asipokuwepo.

Yule mama alikuwa likizo. Nikampigia wa pili. Akaniuliza tarehe za zamu, akaziangalia kwenye kompyuta, akasema zimesahaulika kweli, pesa itaingia na mshahara ujao. Dakika sita. Nikabaki nimeshika simu, machozi yananilenga, hadi mwenzangu wa zamu akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Nilikuwa nimekumbuka boti ya Kitunda, ile niliyokuwa navukia kwenda Lindi mjini nilipokuwa mwalimu kule nyumbani Tanzania.

Aliyewahi kufundisha ng'ambo ile hahitaji maelezo. Nilipandishwa daraja, mshahara ukabaki pale pale, nikaandika barua ya kudai malimbikizo yangu. Barua ikapita panapopita barua zote: kupitia kwa mwalimu mkuu, kupitia kwa afisa elimu kata, ikavuka maji, ikafika masijala ya ofisi moja, ikafunguliwa jalada, jalada likaenda mezani kwa mkubwa. Mkubwa akasafiri kikazi Dodoma. Kila nilipowaacha watoto darasani na kuvuka kwenda kuulizia, nilipokewa na kaimu. Kijana mpole, mwenye adabu zake. Aliisoma barua yangu mpaka mwisho na akakubali kwamba ninadai haki. Kisha akasema, "Mwalimu, hili mpaka mwenyewe arudi." Mwenyewe akarudi, akapata uhamisho. Akaja mwingine, akaitwa semina, akaacha kaimu. Nilivuka kwa miezi kumi na minne, na nauli ya boti ilikuwa yangu.

Na juu ya benchi tulilokuwa tunakalia kungojea, ukutani, ulitundikwa mchoro wa muundo ndani ya fremu ya kioo. Visanduku vile vile, mistari ile ile. Nimekaa chini yake mpaka nikaukariri. Ulikuwa na vyeo vitupu. Hapakuwa na jina hata moja, wala namba ya simu, wala mahali palipoandikwa kwamba fulani akisafiri, sahihi anatia fulani.

Najua ninakoelekea watu watanirukia. "Kakaa Ulaya miaka sita, leo anatufundisha kazi." Ndugu yangu, sikufundishi. Wewe unaijua hiyo benchi kuliko mimi, maana mimi niliinuka nikaondoka, wewe bado umekaa. Mwingine atasema kaimu tunao tele na barua zetu zinaandikwa "Kny", yaani kwa niaba ya, kila siku, sasa ninadai nini kipya? Hapo hasa ndipo panaponiuma. Neno tunalo, zuri, la siku nyingi. Cheo tunacho. Kwenye karatasi hatujapungukiwa na kitu. Lakini tunampa mtu kiti cha kukalia, kalamu mkubwa anaondoka nayo mfukoni.

Yule kijana simlaumu hata kidogo. Akiidhinisha malipo na mkubwa akarudi na hasira, ataulizwa nani kamtuma. Asipoidhinisha, hakuna atakayemuuliza lolote, mwalimu wa ng'ambo atarudi zake na boti. Mtu mwenye watoto wanaosoma atachagua lipi? Mimi pia ningechagua hivyo hivyo, na ndiyo maana nasema ugonjwa hauko kwa makaimu.

Baada ya siku ile ya posho nilitafuta michoro hii ilianzia wapi. Ule unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza ulichorwa Marekani mwaka 1855, kwa ajili ya reli ya New York na Erie. Msimamizi mkuu wa reli aliitwa Daniel McCallum, na aliyemchorea ni George Henshaw. Umechorwa kama mmea, na wakubwa, yaani rais wa kampuni na bodi yake, wamewekwa chini kabisa kwenye mizizi. Matawi ndiyo yanayopanda juu, kila kipande cha reli na msimamizi wake. McCallum alikuwa na shida ambayo mtu wa mkoa wetu anaielewa upesi. Katika taarifa yake ya mwaka 1856 aliandika kwamba msimamizi wa reli ya maili 50 anaweza kuifuatilia kazi kwa macho yake na kumjua karibu kila mtu, lakini reli ya maili 500 ni jambo jingine. Mtu mmoja hawezi kuwa Lindi, Liwale na Dodoma siku moja. Kwa hiyo akaweka kanuni. Ya kwanza ni kugawa majukumu. Ya pili, papo hapo, ni kwamba anayepewa jukumu apewe na mamlaka ya kutosha kulitimiza, ili liwe jukumu la kweli. Sisi tumechukua mchoro tukautia fremu, ile kanuni ya pili tukaiacha njiani.

Na msiniambie kwamba haya ni mambo ya Kizungu, hayatufai. Kwetu Wamwera ndoa haisemwi bila mjomba. Dada yangu alipoposwa, mjomba mkubwa alikuwa mgonjwa Liwale. Hakuna aliyesema posa ingoje. Mjomba mdogo alikaa kwenye mkeka, akaulizwa mahari, akaitaja, ikapokelewa, na wazee wa upande wa pili hawakumuuliza barua ya kukaimu. Mjomba mkubwa alipopona aliuliza kilichokubaliwa, akakibariki. Hakukitengua, kwa sababu angemvunjia heshima mdogo wake na ukoo mzima. Kila mtoto kwenye ua ule alijua akikosekana huyu anasimama yupi, na kwamba neno lake ni neno. Nikiwasimulia Wajerumani jambo hili najivunia. Halafu nakumbuka kwamba mjomba mdogo huyo huyo, akivaa shati la ofisi Jumatatu, hawezi kuidhinisha barua ya mwalimu. Hapo nashindwa kabisa kujizuia.

Yupo pia atakayesema nawasifia watu waliowaua babu zetu kwenye Majimaji. Sijasahau. Hapa Berlin nimesimama mbele ya mifupa ya Tendaguru, mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, iliyochimbwa kwetu na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, nikawaza vichwa vilivyobeba mizigo ile mwendo wa siku nne hivi mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mamia ya watu walifanya kazi porini kwa mpangilio, na aliyewapanga ana jina. Kwa hiyo anayeniambia mpangilio si asili yetu, yeye ndiye anayetutukana.

Wala huku si peponi. Mzee mmoja aliomba kitanda chake kisogezwe karibu na dirisha, ikachukua siku tatu, kwa sababu kitanda ni kazi ya fundi na fundi yuko kisanduku kingine. Kwetu wangekuja vijana wawili wakainua, mambo yakaisha. Niliumia sana kumwona anangoja. Lakini hata siku hizo tatu, tulijua tunamngoja nani kwa jina.

Mdogo wangu naye sasa ni mwalimu, wilaya nyingine ya mkoa wetu. Juzi kanipigia: "Dada, wamesema mpaka mwenyewe arudi." Nikamwomba anipigie picha mchoro wa ukutani. Ameutuma. Fremu mpya, rangi za kupendeza, vyeo vitupu.

Kama wewe unayesoma ni mkubwa wa ofisi yoyote kule nyumbani, nakuomba kwa heshima zote. Chini ya ile fremu bandika karatasi, hata ya kuandikwa kwa mkono. Andika jina lako na namba yako, jina la kaimu wako, na barua zipi anaziidhinisha bila kukungoja. Ukirudi safari usizitengue. Mdogo wangu atapita Jumatatu asubuhi.