Nani anaweza kuaga? Wanaume na kazi za ndani Mtwara

Ukifika Newala au Tandahimba wakati wa kiangazi, utaona maji yakisafiri kwa namna mbili. Kuna yanayobebwa na mwanamke kichwani, ndoo ya lita 20, na hayo hayana bei. Kuna yanayopakiwa kwenye baiskeli au pikipiki, madumu yamefungwa kwa mipira, na anayeyaendesha ni mwanamume. Hayo yanauzwa. Bomba linaweza kuwa lile lile, na jasho la kuyafikisha nyumbani ni moja.

Nimeyakumbuka maji hayo kwa sababu ya maneno yaliyozuka mtaani kwetu, Mtwara mjini. Jirani yangu, mama mwenye watoto watatu, aliagana na binti wa kazi akaajiri kijana kutoka Tandahimba. Kijana anapika, anafua, anapiga pasi sare za shule, anafagia uwanja. Wiki ya kwanza haikwisha bila maneno. Wapo waliosema ni aibu mwanamume mzima kuanika nguo za mke wa mtu. Wapo waliomsifu jirani kwamba amefungua njia, watoto wake watakua wakijua jikoni si pa wanawake peke yao. Nimewasikiliza wote kwa makini, maana jambo lenyewe linanigusa, na naona kila upande una haki yake na pengo lake.

Wanaopinga husimamia kwanza mila. Siwabezi. Huku kwetu jando na unyago bado vina nguvu, na mvulana akishatoka jandoni hategemewi tena kukaa na mama yake mekoni. Lakini mila hiyo haikuwahi kuwazuia babu zetu kupika kwa mshahara. Tembea Shangani, mtaa wa hapa Mtwara mjini, uangalie nyumba za zamani zilizojengwa kwa ajili ya Wazungu: nyuma ya baadhi yake kuna kibanda kidogo cha boi, yaani mtumishi wa nyumbani. Mpishi alikuwa mwanamume, dobi mwanamume, mhudumu wa mezani mwanamume. Mpango wa karanga wa Waingereza ulipofika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, na bandari ya Mtwara ilipofunguliwa 1954, kazi hizo zilikuwa za wanaume waliotoka vijijini kutafuta fedha za kodi, kama wenzao waliokwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Mwanamke aliingia kama yaya, na si kila nyumba ilikuwa na yaya.

Nadhani aibu tunayoisikia leo ilianzia hapo, lakini haikutoka kwenye sufuria. Ilitoka kwenye jina. Mtu ana mke na watoto, kijijini anaamkiwa shikamoo, halafu mjini anaitwa boi, yaani mvulana, na mtoto wa mwajiri. Sisi tumesahau jina, tumebaki na aibu, tukaibandika kwenye kazi. Baadaye waajiri walibadilika. Wakawa wafanyakazi wa ofisini, walimu na wauguzi wenye mishahara midogo, wasioweza kumlipa mwanamume mwenye familia. Wakachukua binti wa shangazi au binti aliyemaliza darasa la saba, kwa chakula, nguo na ahadi ya cherehani. Ndipo kazi za ndani zikaitwa za kike.

Hoja yao ya pili ni usalama wa watoto, na hiyo naiheshimu zaidi. Mzazi ana haki ya kuuliza nani anabaki na binti yake mchana. Ila swali hilo tunaliuliza upande mmoja tu. Miaka yote tuliyolaza mabinti wa watu sebuleni au stoo, ni wangapi kati yetu waliouliza kama binti huyo yuko salama kwa baba mwenye nyumba, au kwa mashemeji wanaokuja likizo? Anayetaka tahadhari aitake kwa wote: barua ya serikali ya mtaa, mdhamini anayejulikana, mlango wenye komeo kwa ndani kwa anayelala humo.

Wanaosifu nao nawatakia mema, lakini tumaini lao naliona kubwa kuliko ushahidi. Wanaume wanapika hadharani kila siku. Nani anakaanga chipsi stendi? Nani anachoma mishikaki usiku? Wengi wao wakirudi nyumbani wanangoja kuandaliwa. Mshahara unampa mwanamume ruhusa ya kushika mwiko, na ruhusa hiyo inaishia pale mshahara unapoishia. Tena akiingia kwenye kazi za nyumbani, mara nyingi huishia upande wa nje: bustani, geti, gari. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2021 lilikadiria wafanyakazi wa majumbani duniani kuwa milioni 75.6, na wanaume ni kama robo yao, wengi wakiwa watunza bustani, madereva na walinzi. Kupika, kulea na kuuguza kumebaki kwa wanawake.

Pande zote mbili zinaliruka suala la fedha. Amri ya mishahara iliyotumika kuanzia Januari 2023 hadi mwisho wa 2025 iliweka kima cha chini cha Sh 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kaya ya kawaida anayelala kwa mwajiri, na Sh 120,000 kwa asiyelala humo. Amri haikutaja mwanamume wala mwanamke. Lakini ni nani tunayemlaza ndani? Binti. Kijana tunaona vibaya alale karibu na familia, kwa hiyo jioni anarudi alikopanga, na kazi yake ina saa ya kwisha. Binti anaamshwa alfajiri na kulala wa mwisho. Kwa heshima ile ile tunayodai kuilinda, kijana aliangukia kwenye kiwango kilichokuwa mara mbili ya kile cha binti. Na hapo nazungumzia nyumba zilizofuata amri; ninazozijua mimi nyingi hazikufika hata hiyo 60,000.

Hata hivyo si uanaume peke yake unaomlinda kijana huyo. Watazame waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, hasa tangu vita vya Cabo Delgado vilipoanza 2017. Wamo ndugu zetu, Wamakonde wa ng'ambo, lugha inayokaribiana na yetu. Mwanamume wa huko asiye na karatasi akiingia kazini analala uani, anaitwa saa yoyote, na mshahara wake ukicheleweshwa haendi kulalamika popote, kwa sababu swali la kwanza litakuwa kitambulisho chake. Amewekwa palepale alipowekwa binti wa darasa la saba. Kinachowatofautisha na kijana wa Tandahimba ni kwamba huyu anaweza kuaga akaondoka. Msimu wa korosho ukifika ana mikorosho ya mjomba wake inayomsubiri, na mwajiri analijua hilo. Binti hana hata nauli, maana mshahara wake mara nyingi "anatunziwa."

Kwa hiyo mimi simpingi jirani yangu, na simshangilii bado. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Nilipomuuliza jirani kama wameandikiana, alisema ndiyo, kijana mwenyewe ndiye aliyedai, pamoja na kuachiwa kila Ijumaa kuanzia saa sita aende kuswali. Alikubaliwa siku hiyo hiyo. Binti aliyemtangulia alikaa miaka miwili. Nikauliza yeye alikuwa na siku gani ya mapumziko. Jirani alinyamaza kidogo, akasema hakuwahi kuomba.