Mtungi wa gesi wenye mnyororo: kijana mlevi atolewe nyumbani au abaki?

Kuna jirani zangu hapa Kiboriloni, Moshi, ukiingia jikoni kwao unakuta mtungi wa gesi umefungwa mnyororo na kufuli kama mbwa mkali. Sababu ni kijana wao wa miaka 31. Mtungi wa kwanza aliuuza mchana kweupe akaenda kunywa, wa pili nao ukaenda, huo wa tatu ndo wenye mnyororo. Baba anasema atoke kwangu, mtu mzima yule. Mama anasema nimtupe wapi mwanangu. Jumamosi iliyopita wakaita kikao cha ukoo, na sisi majirani tukaitwa, watu wakagawanyika katikati kabisa.

Mzee ana hoja. Ukimlipia madeni ya kilabuni, ukamnunulia simu nyingine kila akiuza, ukampa elfu mbili mbili za "nauli", sa hapo nani analipia pombe kama sio wewe? Mama alishakopa vicoba mara mbili, mara ya pili ilikuwa ni kutengeneza bodaboda ya watu ambayo kijana aliidondosha akiwa amelewa. Marejesho analipa mama, kijana hata hajui ni shilingi ngapi. Mtu ambaye hajawahi kuonja gharama ya kulewa kwake ataacha kwa lipi?

Ila na mama ana yake. Ukimtoa anaenda kwa nani? Anaenda kwa walewale anaokunywa nao, hakuna kwingine. Halafu kwetu Wachagga hii "toka kwangu" ina mtego wake, manake huyu ndo kitinda mimba, na kimila nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, vinabaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, sa unamfukuzaje mtu sehemu ambayo ukoo mzima unajua ni yake? Baba mdogo akajibu palepale, akirithi leo kesho atauza migomba pamoja na udongo wake. Watu wakacheka, mama hakucheka.

Na kikao chenyewe, mnisamehe, kilikuwa na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, katikati. Kijana kakaa nje kwenye benchi anasikia kata zinavyozunguka huku ndani tunajadili ulevi wake. Huku posa bila mbege haiendi, viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017 tukashangilia, leo vichupa vidogo vya plastiki viko kila duka. Simtetei, ila tusijifanye tunamshangaa.

Kilichoniogopesha kuliko vyote ni mjomba aliyesema afungiwe stoo wiki nzima pombe imtoke. Jamani hapana. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, halafu kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona vitu ambavyo havipo, na wengine wanakufa hivohivo. Hiyo ni kazi ya hospitali, sio ya kufuli. Mwingine akasema apewe methadone, nayo sio, hiyo ni ya waliozama kwenye heroini, ndo ile Muhimbili walianza kuitoa 2011. Pombe ina matibabu yake.

Sasa kuna utafiti wa Marekani wa 1999 naupenda sababu unagusa ugomvi huuhuu. Walichukua ndugu 130 wa walevi waliokataa matibabu, wakawagawa makundi matatu. La kwanza walifundishwa kuongea na mlevi akiwa hajalewa, kumfurahia siku asipokunywa, kutomfunikia akiharibu, na wenyewe kujitunza. La pili waliandaliwa kumkalisha kikao cha ghafla. La tatu walielekezwa wakubali kwamba hawawezi kumbadilisha, watafute amani yao. Kundi la kwanza 64% walifanikiwa mlevi wao akaingia kwenye matibabu, la pili 30%, la tatu 13%. Tuwe wa haki, lile la tatu lengo lake lilikuwa nafuu ya ndugu mwenyewe, na nafuu waliipata sawa tu na wenzao. Na ni Marekani, sio Kiboriloni. Ila ukiangalia vizuri, kundi lililoshinda halikumfukuza mtu wala halikumlipia mtu pombe.

Kwa hiyo mi naona mzee kakosea mlango ila hajakosea mfuko. Hela ikatwe yote, hata ile ya vocha, na madeni ya kilabuni mwenye kilabu akadai aliyekunywa. Chakula kibaki, kitanda kibaki, cha chumba cha nje, akija amelewa asiingie nyumba kubwa. Kihamba mzee atamke mbele ya ukoo na kuandika kabisa kwamba hakiuzwi, hapo ile hofu ya baba mdogo inapungua. Siku akimnyanyulia mama yake mkono, hapo mjadala umeisha, anatoka na polisi wanaitwa, sitaki kusikia habari ya mila. Najua ni rahisi kwangu kusema, mi silali kule.

Mama alianza Jumatatu. Kamnyima elfu mbili, kijana kapiga mlango teke akaondoka, kurudi saa nne usiku kakuta sahani ya kiburu imefunikwa pale nje mlangoni kwake. Mzee kaiona akapita tu, hakusema kitu. Asubuhi sahani ilikuwa tupu, kijiko hakijaonekana mpaka leo.