Ndala Moja, Viti Viwili

Leo asubuhi nimeshindwa na ndala. Tena si jozi, ni ndala moja, ya mguu wa kushoto, ya bluu, kisigino kimelika upande. Imewekwa juu ya kiti cha kulalia kando ya bwawa. Kiti cha pili kimetandikwa taulo la meli, na juu ya taulo kuna kitabu kimelala kifudifudi. Wenyewe hawapo. Saa moja asubuhi! Jua la Karibi ndiyo kwanza linachomoza, watu wameshagawana ardhi.

Wenzangu mliowahi kupanda hizi meli za utalii, haya maghorofa yanayoelea, mnajua siku ya baharini ilivyo. Hakuna bandari, hakuna pa kushukia, na abiria maelfu wanalitaka jua lile lile. Kibao kipo, kimeandikwa vizuri tu: kiti kikikaa nusu saa bila mtu, vitu vitaondolewa. Vitaondolewa na nani? Hapo kibao kinanyamaza.

Mimi ni mtu mzima, sigusi ndala ya mtu. Nikasimama pembeni, mikono nyuma, kama mkaguzi wa gwaride, nikaanza kuhesabu dakika. Mke wangu akanitazama, akashusha pumzi, akaenda zake kutafuta chai. Dakika ya ishirini akatokea mzee mmoja wa kofia pana, kikombe cha kahawa mkononi. Nikajua ndiye. Nikakohoa, nikajiweka sawa nimsomee sheria. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, kwa upole kabisa, "Samahani, mwisho wa foleni ni wewe?"

Yaani tumepanga foleni nyuma ya ndala.

Nusu saa ikatimia. Nikamwita mhudumu, kijana mstaarabu, tabasamu halimtoki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwamba nusu saa inahesabiwa tangu yeye anapobandika karatasi. Akatoa karatasi, akaandika saa, akaibandika kwenye ndala. Dakika zangu zote thelathini zikawa mazoezi.

Tukaanza upya, mimi na mzee wa kofia. Kahawa yake ikapoa. Dakika ya ishirini na nane, nakula kiapo, akatoka bwawani mtoto wa miaka sita hivi, anachuruzika maji, akaketi juu ya kiti, akavaa ndala, akahesabu vidole vyake vya mguu, akavua ndala, akarudi majini. Mhudumu akaja akabandua karatasi.

Jamani! Nikapandisha sauti. Nikasema mimi nimelipia likizo hii kama wengine, nikasema nitamwona nahodha, nikasema maneno mengine ambayo mzee wa kofia aliyasikia akasogea hatua mbili kuniacha peke yangu. Ndala haikutikisika.

Mke wangu nilimkuta kule nyuma ya meli, kivulini, amelala chali kwenye kiti, na kando yake kiti kingine kitupu. "Nimekupungia mkono mara tatu, baba," akasema bila kufumbua macho. "Nikaona una kikao."

Sikukaa. Heshima ilinizuia.

Nikateremka chumbani. Chumba chetu hakina dirisha, kwa hiyo ukizima taa hujui ni saa tisa ya mchana au ya usiku. Ila kwenye televisheni kuna chaneli ya kamera ya mbele ya meli, basi nimekuja mpaka baharini kuitazama bahari kwenye televisheni. Lifti nayo, tuiache. Zoezi la usalama siligombi, maana tangu meli ya Costa Concordia ilipolala ubavu kwenye miamba ya Italia mwaka 2012 nani ataleta ubishi? Ving'ora saba vifupi na kimoja kirefu, nimekariri. Ninachotaka ni king'ora cha mtu aliyesimama saa nzima juani.

Nikaoga. Natoka bafuni nimelowa, taulo hakuna. Mfanya usafi ameyakunja yote mawili, akatengeneza tembo, akamkalisha katikati ya kitanda, mkonga juu. Mke wangu ameshaniambia tangu jana, huyo tembo asiguswe, anampiga picha. Nikajifuta kwa fulana.

Na miwani yangu ya jua, niliyoitafuta kabla ya kupanda kule bwawani, amevaa tembo.