Mahindi ya Chokaa Ukweni Kongwa

Mtu akikwambia amezunguka dunia, achana na picha zake za minara na madaraja. Muulize alikuwa anakula nini. Mimi na mke wangu tumekaa huko nje miaka mingi, yeye akihamishwa kikazi nchi hadi nchi, mimi nikimfuata na sufuria, na nakuapia ugali haukimbiliki. Kaskazini mwa Italia upo, wanauita polenta. Romania upo, mamaliga. Georgia, upande wa Bahari Nyeusi, bibi aliyetupangisha chumba alituletea ugali mweupe laini na vijiko juu. Mke wangu, Mgogo wa Kongwa, aliweka kijiko pembeni, akanawa, akamega tonge. Bibi alicheka mpaka akaenda kuwaita majirani waje kuona.

Ila wenye mahindi yao ni Meksiko. Ndiko yalikotoka kabla hayajasambaa duniani, na kule hawayakoboi kama sisi. Wanayachemsha na chokaa kidogo, wanayalaza usiku kucha, asubuhi wakiyasugua ganda linavuka lenyewe. Wanayasaga yakiwa bado na maji, linatoka donge, wanachoma vichapati vyembamba ambavyo harufu yake ikikupata barabarani unasahau ulikokuwa unaelekea. Chokaa hiyo ni ya kula, inauzwa sokoni. Tulirudi nyumbani nayo kwenye kopo la maziwa ya unga, na mke wangu, ambaye hata kabati la viatu ameliwekea orodha, akabandika karatasi na kuandika kwa herufi kubwa: CHOKAA.

Tukashuka Dodoma, tukakata kona pale Mbande, tukaingia Kongwa. Kabla sijavua viatu mke wangu ameshatangaza kuwa kesho mkwe atawapikia wazee chakula cha Meksiko.

Mimi ni mtu wa Muheza, na hata kwetu mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe. Ikaamuliwa nipikie nje chini ya mti, mama mkwe akae mbali kidogo akinitazama kwa upande, heshima isivunjike.

"Chokaa ipi?" aliuliza baba mkwe. "Hii ya kupakia ukuta?"

Nikajikohoza, nikamwaga elimu. Kwamba mahindi yakilazwa kwenye chokaa mwili unapata vitamini ambayo vinginevyo hubaki imefungwa humo humo. Kwamba Ulaya walichukua mahindi wakaiacha chokaa, na maskini wa Italia waliokula polenta tupu wakaugua pelagra, ngozi ikawababuka.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. "Kijana, mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa hapa Kongwa na matrekta, wanatulimia karanga. Nilikuwa nachunga mbuzi. Mwaka 1951 walikuwa wameshafunga mizigo." Akavuta kiti chake kivulini. "Endelea."

Jioni mahindi yapo tayari sufuriani, moto umekolea, kopo halipo. Tulipekua stoo, tukapekua chini ya vitanda, tukamuuliza hadi mtoto asiyejua kusema. Magharibi ndipo shemeji yangu mdogo akaingia uani akivuta kamba, na kwenye kamba kuna mbuzi, nyuma yake vijana wanaimba. Miguu ya shemeji ilikuwa myeupe hadi magotini.

"Shemeji! Ile chokaa yako kiboko! Mstari unaonekana mpaka barabarani!"

Siku hiyo ilikuwa fainali ya kombe la mbuzi. Walikuwa wakichora uwanja kwa majivu kama siku zote, ndipo mmoja akaliona kopo stoo, limeandikwa kabisa. Ikatosha eneo la hatari la goli moja tu. Kule kwingine yalibaki majivu, na upepo wa huku mnaujua, kufika mapumziko mistari yote ilikuwa imehamia shamba la jirani. Kipindi cha pili timu yetu ikashambulia goli lenye chokaa. Kila aliyeanguka, refa aliona wazi kuwa kaangukia ndani. Wageni walipoanguka kule kwao, refa alitazama chini, akaona mchanga mtupu, akasema twende. Penalti mbili, mbuzi huyo.

Mke wangu alikaa kwenye kigoda akashika kichwa. Mama mkwe ndiye aliyeinuka. Alichota majivu ya kuni, akayachekecha, akamimina maji, akayaacha yatuame, kisha akachuja yale maji ya juu na kuyatia kwenye mahindi yangu bila kuniangalia.

"Kinachotoa ganda ni ukali," alimwambia binti yake, ili mimi nisikie. "Mlenda natilia magadi tangu sijaolewa, na sijaenda Meksiko."

Asubuhi nilisugua punje moja kwa kidole gumba na dole la shahada: ganda lilivuka kama utando, punje ikabaki ya njano, inateleza. Kilichofuata ni jiwe la kusagia, maana mashine haipokei mahindi mabichi. Lile jiwe unasagia ukiwa umepiga magoti. Habari ya mkwe kapiga magoti anasaga ilifika kisimani kabla sijamaliza kikombe cha kwanza, na nina hakika walionichungulia uani walikuwa wengi kuliko wa fainali. Vichapati vikatoka vinene, vya kijivu kidogo, vina ladha ya moshi, tukavilia nyama ya mbuzi na mlenda, na baba mkwe akaongeza mara mbili bila kusema neno.

Tukiwa bado tunanawa, wakaingia wazee watatu na kapteni wa timu iliyofungwa. Wamekuja na malalamiko, na kopo tupu wamelishika kama kizibiti. Baba mkwe akawakaribisha viti, akanigeukia.

"Mkwe, sema mbele ya watu. Hiki kilichomo kilikuwa nini?"

Nikikubali ni chokaa, nimetangaza kijiji kizima kuwa nilikuja kuwalisha wakwe rangi ya ukuta. Nikisema chakula, vijana wetu wameonekana wanamwaga chakula chini. Nikamtazama mama mkwe, akatazama mafiga.

"Ni dawa," nikasema. "Ya mahindi, tumeitoa mbali."

Kapteni aliruka kutoka kitini. "Mmesikia? Kakiri mwenyewe! Uwanja uliwekewa dawa! Na imetoka mbali!"

Hapo hakuna maelezo ya vitamini yaliyosaidia. Wale wazee walitaka mbuzi wao, na mbuzi mwenyewe alikuwa amebaki kwato na supu. Jua linazama ndipo baba mkwe akaenda zizini taratibu, akafungua kamba ya beberu lake, akawakabidhi. Aliporudi alinipita bila kusimama.

"Waingereza na karanga zao," alisema, "hawakugusa mbuzi wangu hata mmoja."